Upasuaji wa saratani ya utumbo usipimwe kwa uhai pekee

MWEZI wa Julai 2019 haujasahaulika nchini. Katika muda wa siku 29, Kenya iliwapoteza watu watatu mashuhuri kwa sababu ya saratani: Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom Bob Collymore, Mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Dkt Joyce Laboso.

Okoth, aliyefariki Julai 26 akiwa na umri wa miaka 41, alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana. Miezi michache kabla ya kuaga dunia alikuwa amejitokeza hadharani na kuutaja ugonjwa wake kwa jina, hatua ambayo wengi, wakiwemo viongozi, huikwepa.

Mjadala uliozuka baada ya vifo hivyo ulikuwa mkali. Palisemwa mengi kuhusu uhaba wa mashine za mionzi, bei ya dawa na familia zinazouza mashamba ili kumsafirisha mgonjwa hadi India. Yote hayo yalistahili kusemwa.

Hata hivyo, kuna kundi ambalo mjadala huo haukuligusa na ambalo hadi leo ni nadra kuzungumziwa. Ni wale waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, wakapona na kurejea nyumbani, kisha wakang'amua kwamba mwili waliorudi nao si ule walioondoka nao.

Baadhi yao huenda haja kubwa mara saba au zaidi kwa siku. Wengine hutoka msalani wakidhani wamemaliza, ila kabla ya kufika mlangoni hulazimika kurudi mbio. Wapo wasioweza tena kutofautisha hewa na choo. Katika hesabu za hospitali, wote hao ni watu waliopona. Katika maisha yao ya kila siku, neno hilo lina upungufu mkubwa.

Tatizo hili si dogo. Kulingana na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, takriban watu milioni 1.9 walipatikana na saratani ya utumbo mpana na puru ulimwenguni mnamo 2022, na wapatao 900,000 wakafariki. Saratani hii ni ya tatu kwa idadi ya wagonjwa wapya na ya pili kwa idadi ya vifo. Zaidi ya thuluthi moja ya visa hivyo huwa ni vya puru.

Nchini Kenya, makadirio ya mwaka huo yalionyesha visa vipya zaidi ya 44,000 vya saratani za kila aina, na vifo zaidi ya 29,000. Saratani ya utumbo mpana na puru imo miongoni mwa zile zinazoongoza. Isitoshe, tafiti kadhaa barani Afrika zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa saratani hii huwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. Hawa ni watu ambao bado wana karo ya kulipa, kazi ya kwenda na ndoa ya kulinda.

Ghala lililoondolewa

Ili kuelewa masaibu ya wagonjwa hawa, sharti kwanza ieleweke puru hufanya kazi gani. Sehemu hiyo fupi, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ni ghala. Hutanuka polepole choo kinapoingia, hukihifadhi bila mtu kuhisi dharura, na kupitia neva zake huuarifu ubongo iwapo kilichofika ni hewa, maji au choo kigumu. Misuli iliyo chini yake hubana mpaka mwenyewe apate mahali na wakati wa kujisaidia.

Daktari anapoukata uvimbe, hulazimika kuondoa sehemu ya ghala hilo au ghala zima. Utumbo uliosalia huvutwa chini na kuunganishwa karibu na njia ya kutokea. Lakini utumbo huo haukuumbwa kuhifadhi. Ni bomba la kusukuma, na huendelea kusukuma hata pale unapotakiwa kutulia.

Neva zinaweza kuumia wakati wa upasuaji. Vilevile, misuli ya kubana inaweza kudhoofika. Endapo mgonjwa alipewa mionzi kabla ya kupasuliwa, nyama za eneo hilo huweza kukakamaa na kupoteza uwezo wa kutanuka. Kadiri uvimbe ulivyokuwa chini ndivyo hatari ya matatizo haya inavyoongezeka. Neva za kibofu na za tendo la ndoa hupita papo hapo, kwa hivyo wapo wanaume wanaopoteza nguvu na wanawake wanaopata maumivu wakati wa kujamiiana.

Hali hii yote ni matokeo ya ufanisi wa tiba yenyewe. Mnamo 1908, daktari Ernest Miles wa London alieleza upasuaji uliokuwa ukiondoa puru pamoja na njia ya haja kubwa, na kumwachia mgonjwa tundu tumboni na mfuko wa kukinga kinyesi maisha yake yote. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa tiba kuu.

Kisha mnamo 1982, daktari Bill Heald na wenzake wa mji wa Basingstoke, Uingereza, walieleza njia ya kuondoa puru pamoja na mafuta yote yanayoizunguka kama kifurushi kimoja. Njia hiyo ilipunguza sana visa vya saratani kurejea mahali pale pale. Sambamba na vifaa vipya vya kuunganishia utumbo, iliwezesha wagonjwa wengi zaidi kuepuka mfuko wa kudumu.

Ni ushindi ambao hakuna anayeweza kuubeza. Lakini kila ushindi una gharama yake, na gharama hii ilichelewa kuhesabiwa. Ukaguzi wa tafiti uliochapishwa mnamo 2012 ulionyesha kwamba hadi asilimia 80 ya wanaopasuliwa bila kuachiwa mfuko wa kudumu hupata matatizo ya haja ya kiwango fulani. Hali huelekea kuimarika katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Baada ya hapo, kwa wengi, huganda ilipofika.

Maswali matano

Mwaka huo huo wa 2012, watafiti wawili wa Denmark, Katrine Emmertsen na Søren Laurberg, walichapisha kipimo kifupi cha maswali matano, ambacho tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Kinajulikana kama kipimo cha LARS.

Mgonjwa huulizwa: Je, kuna nyakati ambapo hewa humtoka bila kuweza kuizuia? Je, choo cha majimaji humvuja? Huenda haja kubwa mara ngapi kwa siku? Je, hulazimika kurudi msalani kabla ya saa moja kupita? Je, hushikwa na haja ya ghafla kiasi cha kukimbilia choo?

Majibu hupewa alama ambazo jumla yake haizidi 42. Anayepata 20 au chini huhesabiwa kuwa hana tatizo, wa 21 hadi 29 ana tatizo dogo, na wa 30 kwenda juu ana tatizo kubwa.

La kuzingatia zaidi ni jinsi alama hizo zilivyogawanywa, kwa kuwa ziliwekwa kwa kutazama kile wagonjwa wenyewe walisema kinayaharibu maisha yao. Kuvuja kwa choo cha majimaji, jambo ambalo mtu yeyote angedhani ndilo baya zaidi, hakuzidi alama 3. Haja ya ghafla hufika alama 16, na kurudi msalani tena na tena alama 11.

Maana yake ni kwamba kinachomtesa mgonjwa zaidi si kuchafuka, bali ni kutoweza kupanga siku yake. Anayevuja kidogo anaweza kuvaa kitambaa na kwenda kazini. Asiyejua ni lini atakimbia hawezi kwenda popote.

Cha kutamausha ni kwamba hata mabingwa wa tiba hii hawakulijua hilo. Utafiti mwingine wa Denmark, uliochapishwa mnamo 2014, uliwalinganisha wataalamu na wagonjwa. Wataalamu walitia chumvi athari ya kuvuja na ya idadi ya safari za msalani, huku wakidunisha athari ya haja ya ghafla na ya kurudi tena na tena. Ikiwa mabingwa wa nchi yenye madaktari wa kutosha walikosea hivyo, itakuwaje katika kliniki ambapo daktari mmoja ana foleni ya wagonjwa inayofika kwenye lango?

Choo cha kushiriki

Maswali ya Denmark yaliandikwa kwa watu ambao aghalabu wana choo ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani. Kenya hali ni tofauti.

Katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, choo kimoja hutumiwa na familia nyingi, na mara nyingi kiko mbali na nyumba. Kwa mwanamke, kutoka usiku mara nne kukitafuta choo hicho ni kujihatarisha. Mashambani kuna choo cha shimo nyuma ya nyumba, na mtu ambaye nguvu hazijamrudia hulazimika kuchutama juu yake kila baada ya dakika chache.

Mijini, vyoo vya umma hulipiwa. Ada yenyewe ni ndogo kwa anayeingia mara moja, lakini kwa anayeingia mara sita asubuhi moja inakuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Kazi nazo? Dereva wa matatu hawezi kusimama kila atakapo. Mwalimu hawezi kuacha wanafunzi mara tano katika kipindi kimoja bila kuzua minong'ono. Bawabu hawezi kuliacha lango. Mama mboga anayeketi pembeni mwa barabara kuanzia alfajiri hana choo karibu wala mtu wa kumwachia bidhaa. Kwa hawa wote, ugonjwa uliotibiwa huendelea kuwanyang'anya riziki hata baada ya saratani yenyewe kuondoka.

Hata safari ya kwenda kliniki ni mtihani. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyokuwa ikitoa tiba ya mionzi. Sasa huduma hiyo imefika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao bado husafiri kwa saa nyingi. Baadhi hukaa bila kula siku nzima ili tumbo lisiwaaibishe njiani. Mtu aliyedhoofishwa na tiba anajinyima chakula kwa kuhofia kiti cha matatu.

Ibada nayo huingia majaribuni. Muumini hujiuliza kama aketi kiti cha nyuma kanisani au asiende kabisa. Mwislamu hujiuliza swala yake itakubalika vipi ilhali udhu haukai. Wanazuoni wamekwisha kulieleza hilo katika hukumu za mwenye udhuru, kwamba hutawadha kila wakati wa swala unapoingia kisha akaswali hata kama hali yake inaendelea. Lakini asiyethubutu kumweleza yeyote shida yake hatapata fursa ya kuambiwa hayo.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mambo ya choo hayazungumzwi mezani, hayazungumzwi na wakwe, na mara nyingi hayazungumzwi hata baina ya mume na mke. Mgonjwa hunyamaza kwa kuona haya. Daktari hanyamazi kwa haya bali kwa haraka: huuliza kama kidonda kimepona na kama vipimo vya damu ni vizuri, kisha humwita anayefuata. Mficha maradhi kilio humfichua, ila safari hii wanaoficha ni wawili.

Mfuko au bila mfuko

Wagonjwa wengi wanapoelezwa kuhusu upasuaji, ombi lao huwa moja: wasiwekewe mfuko. Hofu hiyo inaeleweka. Mifuko ni ghali, haipatikani kila mahali, na wapo wanaoishia kujifunga vitambaa na karatasi za plastiki. Wapo pia waliotengwa na jamaa zao kwa sababu ya harufu.

Hata hivyo, uamuzi unaofanywa kwa hofu bila maelezo kamili si uamuzi huru. Ukaguzi wa tafiti uliofanywa na shirika la Cochrane mnamo 2005, na kurudiwa mnamo 2012, haukupata ushahidi thabiti kwamba wanaoishi bila mfuko wana maisha bora kuliko walio nao. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ambao uvimbe wao ulikuwa chini kabisa na misuli yao tayari ni dhaifu, mfuko unaotunzwa vizuri huwapa uhuru ambao utumbo uliounganishwa haungewapa.

Hii si kusema kwamba mfuko ndio bora. La muhimu ni kwamba mgonjwa aelezwe pande zote mbili kabla ya kisu. Watafiti wa Uingereza na Denmark walichapisha mnamo 2018 chombo kiitwacho POLARS, kinachokisia ukubwa wa tatizo kwa kutumia umri, jinsia, mahali uvimbe ulipo, aina ya upasuaji, mionzi na tundu la muda. Mambo hayo yote tayari yamo katika faili ya mgonjwa.

Yapo pia mabadiliko yanayotia moyo. Mnamo 2004, daktari Angelita Habr-Gama na wenzake wa São Paulo, Brazil, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa ambao uvimbe wao hutoweka kabisa baada ya mionzi na tibakemikali wanaweza kuchunguzwa kwa karibu badala ya kupasuliwa. Mnamo 2022, madaktari wa kituo cha Memorial Sloan Kettering, New York, waliripoti kwamba uvimbe ulitoweka kwa wagonjwa wote 12 wa kwanza waliokamilisha tiba ya dawa ya dostarlimab. Dawa hiyo, hata hivyo, huwafaa wachache tu ambao saratani yao ina kasoro mahususi ya kijenetiki.

Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani uitwao PROSPECT ulithibitisha kwamba kuna wagonjwa wanaoweza kupewa tibakemikali na kuruka mionzi bila kuhatarisha uhai wao. Njia hizi zote zinahitaji ugonjwa ugunduliwe mapema na ufuatiliaji wa karibu, mambo ambayo bado ni haba nchini. Ndiyo maana damu katika choo isichukuliwe kuwa bawasiri bila mtu kupimwa.

Yanayoweza kufanywa

Kwa wale ambao tayari wamepasuliwa, kuna msaada, na sehemu kubwa ya msaada huo haihitaji mtambo wowote.

Hatua ya kwanza ni lishe. Mgonjwa akiandika kwa wiki mbili kile alichokula na jinsi tumbo lilivyojibu, ataona mwenyewe kama maharagwe, kabeji, pilipili au chai ya maziwa ndiyo inayomsumbua. Hakuna orodha moja ya kuwafaa wote. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupunguza kasi ya utumbo, kama vile loperamide, ambayo wengine huitumia kabla ya safari, au unga wa nyuzinyuzi wa kukishikanisha choo.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaweza kumfunza jinsi ya kuimarisha misuli ya nyonga. Zaidi ya hapo kuna njia ya kusafisha utumbo kwa maji vuguvugu kupitia nyuma, ambayo humwezesha mtu kuchagua saa ya kujisaidia na kukaa saa nyingi bila wasiwasi. Sharti kwanza afundishwe na mhudumu aliyehitimu. Nchi tajiri huwapandikizia baadhi ya wagonjwa kifaa cha kuchochea neva, lakini bei yake ni kubwa mno. Yote yakishindikana, kurudi kwenye mfuko kwa hiari si kushindwa.

Tatizo ni kwamba mgonjwa asiyeulizwa hapewi lolote kati ya hayo. Mkakati wa Kitaifa wa Kudhibiti Saratani wa 2017-2022 uliyataja maisha ya manusura katika nguzo moja na matibabu na tiba shufaa. Kuyataja ni mwanzo mwema. Lakini hazina ya matibabu inaonyesha mahali ambapo uzito halisi umewekwa.

Bima ya Afya ya Jamii ilipoanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, ilitenga Sh400,000 kwa kila familia kwa mwaka kwa tiba ya saratani, pamoja na Sh150,000 kutoka kwa hazina ya dharura na magonjwa sugu. Wagonjwa na watetezi wao wamelalamika mara kwa mara kwamba pesa hizo huishia kwenye mionzi na tibakemikali kabla hata tiba kukamilika. Atakayehitaji mifuko, mazoezi ya nyonga na vifaa vya kusafishia utumbo huwa amefika mwisho wa foleni ambayo pesa zake zimekwisha.

Marekebisho ya bima huchukua muda, lakini maswali matano hayahitaji bajeti. Muuguzi anaweza kuyauliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama kwa dakika tatu, kila mgonjwa anaporudi kliniki, na kuandika jumla ya alama katika faili kama anavyoandika shinikizo la damu. Anayefika alama 30 aelekezwe kwa mtaalamu wa lishe na wa mazoezi badala ya kuambiwa ashukuru Mungu kwamba yu hai. Baada ya mwaka mmoja, hospitali zitakuwa na takwimu za kuwasilisha kwa wanaopanga bima, nao hawatakuwa na kisingizio kwamba tatizo halijulikani.

Kaunti nazo zina wajibu wao. Choo safi kilicho wazi sokoni na katika kituo cha magari ni huduma ya afya kwa watu hawa kama ilivyo zahanati. Waajiri pia wanaweza kumhamisha mfanyakazi wao akae karibu na choo, hatua isiyogharimu kitu.

Shukrani wanazo wagonjwa hawa, na wengi huzitoa kila siku. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza wanaendeleaje na kusubiri jibu.